Dakika Nne na Nusu

Manowari Vanquisher,
Malta,
9 Mei 1877

Dada yangu Keziah,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima, ila kikohozi kilinishika wiki mbili na sasa kimeniachia. Natumaini miguu ya Mama haijavimba tena, na kwamba amekubali kuacha kupanda ngazi na ndoo ya makaa. Mwambie zile soksi zilifika, zinanitosha kuliko za mwaka jana. Digory Bolitho anakusalimu. Mwambie mkewe, Loveday, kwamba mumewe amenenepa na anaimba kila Jumapili kwenye ibada ya deki mpaka kasisi anapoteza mstari. Amepandishwa, sasa ndiye mshindiliaji wa kwanza katika mzinga namba tatu. Mimi ndiye niliyempendekeza.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Juzi nilitumwa kupeleka hesabu ya baruti kwa maofisa, nikakuta kitabu mezani kwao. Ni kile cha Kapteni Hargreave, kinachopanga manowari za dunia kwa nguvu zao, kile unachompigia hesabu wewe. Nilifurahi kweli, nikataka kumwambia kila mtu kwamba namba hizi ni za dada yangu. Kisha nikasoma ukurasa wa meli yetu.

Dada, mmetuweka wa kwanza duniani. Mmeandika kwamba Vanquisher ina mizinga minne kila upande, kila kombora ratili mia saba, na kwamba kila mzinga unapiga mara moja kwa dakika mbili. Kwa hiyo tunarusha ratili elfu moja na mia nne kila dakika. Chini yetu mmeweka ile ya Wafaransa, Ravageur, yenye mizinga sita ya ratili mia tatu, mkaipa nayo dakika mbili. Ratili mia tisa.

Uzito wa makombora ni sawa, sibishi. Lakini hizo dakika mbili nani kakupa? Mizinga yetu ni ya kushindilia mdomoni. Ukishapiga, unaurudisha mzinga ndani, unausafisha mtutu kwa sifongo lenye maji ili cheche zife, unaingiza mfuko wa baruti, unashindilia, unainua kombora kwa kapi, unashindilia tena, unausukuma mzinga nje, ndipo unalenga. Watu ninaowasimamia kwenye mizinga ni wazuri kuliko wengi katika kikosi hiki. Wanachukua dakika nne na nusu. Bahari ikichafuka, sita.

Mwambie Kapteni arekebishe kabla ya chapa ijayo. Ni mstari mmoja tu.

Mdogo wako,
Josiah


Stonehouse, Plymouth,
2 Juni 1877

Mdogo wangu Josiah,

Barua yako imefika, nasi tumefurahi. Mama hajambo, miguu imepungua uvimbe, lakini ngazi bado anapanda nikiwa sipo, najua kwa sababu ndoo huhama. Nguruwe wa jirani aliingia bustanini akala kabichi zote. Loveday nimempa habari za mumewe. Alicheka sana kuhusu kuimba, kisha akaniomba nimsomee tena. Tumbo lake limeshakuwa kubwa. Anasema akijaliwa wa kiume atamwita Digory, na wa kike bado wanabishana.

Kuhusu hilo la kitabu. Nimemwambia Kapteni Hargreave. Amesema atafikiria.

Lakini nawe nisikilize. Sijaokota namba njiani. Dakika mbili zimetoka kwenye karatasi ya majaribio ya waliojenga meli, yenye saini tatu. Nilipofundisha hesabu katika shule ya kanisa niliwaambia watoto kila siku kwamba namba bila shahidi ni porojo. Saini tatu ni mashahidi. Wewe una nini? Una neno lako, na sote nyumbani tunajua jinsi ulivyo mtu wa kubishana tangu ulipokuwa na umri wa miaka minne.

Kula vizuri. Usitembee bila kofia kwenye jua hilo.

Dada yako,
Keziah


Manowari Vanquisher,
Ghuba ya Besika,
20 Julai 1877

Dada Keziah,

Salamu kwako na kwa Mama. Pole kwa kabichi. Huku tumetia nanga karibu na mlango wa bahari ya Waturuki, tunangoja kuona kama Warusi watashuka mpaka Konstantinopoli. Joto ni kali. Chumba cha mizinga ukigusa chuma unaacha ngozi. Nyama ya pipa imeanza kunuka na mkate mgumu una wadudu, lakini hilo si jipya.

Umeniambia sina shahidi. Haya. Nimeazima saa ya daktari wa meli, yenye mshale wa sekunde, nikapima mazoezi thelathini. Jedwali liko nyuma ya barua hii. Daktari ametia saini, na sajini wa askari wa majini naye. Haraka kuliko zote ni dakika tatu na sekunde hamsini, siku ya bahari shwari, na watu walikuwa wameahidiwa pombe. Polepole kuliko zote ni saba na nusu. Wastani ni nne na nusu, kama nilivyosema.

Kuna zaidi. Mwezi uliopita tulikuwa Smirna pamoja na Ravageur yenyewe. Wafaransa walifanya mazoezi, nami nikasimama dekini na ile saa. Mizinga yao inafunguliwa nyuma. Hawarudishi mzinga ndani, hawahangaiki na mti mrefu wa kushindilia. Wanafungua, wanaingiza, wanafunga. Dakika moja na nusu, Dada, mara kumi na mbili mfululizo, nao wakicheka. Piga hesabu mwenyewe. Wao ni ratili elfu moja na mia mbili kwa dakika. Sisi ni mia sita ishirini na mbili. Tukikutana kwa vita watatupiga makombora kumi na nane kabla sisi hatujamaliza manne yetu, nasi tumeandikwa wa kwanza duniani.

Nilimwonyesha Luteni Fanshawe, ofisa wetu mpya wa mizinga. Ni kijana wa nyumba kubwa, si mtu mbaya. Akiona baharia mgonjwa humpa ndimu zake mwenyewe. Alilitazama jedwali muda mrefu. Kisha akasema, "Bwana Nancarrow, kitabu kinasema mbili. Ukiniambia ni nne na nusu, unaniambia watu wako ni wavivu."

Nikamwambia watu wangu si wavivu, ni kitabu kilichokosea.

Akanijibu, "Kitabu hicho kiko mezani kwa Amirali. Wewe uko mezani kwa nani?"

Digory aliposikia alisema tuombe kitabu kije kishindilie chenyewe. Watu walicheka, mimi sikucheka.

Kapteni Hargreave amefikiria mpaka wapi?

Josiah


Stonehouse,
30 Septemba 1877

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Loveday amejifungua msichana tarehe ishirini na sita Agosti. Uzazi ulikuwa mgumu, nilikaa naye siku tatu. Mtoto anaitwa Tamsin na ana sauti ya baba yake. Mama amemfumia shali. Keki ya zafarani tuliyooka siku ya ubatizo iliungua chini, lakini watu waliila yote.

Sijui nianzie wapi hili jingine, kwa hiyo naliandika tu. Mwezi wa Juni nilikuambia nimemwambia Kapteni. Sikumwambia. Barua yako niliiweka kwenye droo. Jedwali lako la Julai lilipokuja, nalo nililiweka kwenye droo. Unajua nilivyopata kazi ile: wanaume wanane waliomba, naye akanichukua mimi kwa sababu hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja. Ni mwanamke gani mwingine hapa Plymouth anayepewa manowari za dunia nzima azipige hesabu? Nilijiambia nitangoja siku atakapokuwa na furaha.

Wiki iliyopita nilichoka kujidanganya. Nilipeleka jedwali nikaliweka mbele yake, na saini za daktari na sajini. Alivaa miwani akasoma kila mstari. Ni mzee mwangalifu, usimfikirie vingine. Kisha akasema, "Wewe unajua hesabu, na mdogo wako anajua mizinga. Naamini ni kweli."

Nilidhani nimeshinda. Nikashika kalamu.

Akasema, "Weka kalamu chini, Bibi Nancarrow. Kitabu hiki kinasomwa Paris na Petersburg kabla wino haujakauka. Mrusi akifungua ukurasa huo akaona elfu moja na mia nne, anakaa kwake. Unataka nimwambie aje?"

Nikamuuliza, je, wetu wakiuamini ukurasa huohuo?

Akasema wetu wanajua kazi yao. Akanirudishia jedwali, akaniagizia chai.

Josiah, nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi. Angenipinga hesabu ningejua la kumjibu. Lakini mtu anakubali ni kweli, kisha anakuagizia chai!

Keziah


Manowari Vanquisher,
Malta,
11 Novemba 1877

Keziah,

Hongera kwa Loveday. Digory alimwonyesha kila mtu barua yake, mpaka mpishi.

Miezi minne. Miezi minne nilikuwa nawaambia watu wangu hapa kwamba dada yangu anashughulikia, vumilieni, chapa ijayo itasema kweli. Fanshawe anawafanyisha mazoezi mara mbili kwa siku ili wafikie namba iliyotoka kwenye kalamu yako. Mmoja amevunjika vidole vitatu kwenye kapi. Nami naambiwa barua zilikuwa kwenye droo.

Sina la kuongeza. Msalimie Mama.

Josiah


Stonehouse,
15 Januari 1878

Mdogo wangu Josiah,

Heri ya mwaka mpya. Mama aliumwa kifua Krismasi yote, sasa anakaa kitini na kula supu, na analalamika, ambalo ni jambo jema. Theluji ilianguka siku mbili. Tamsin ameota jino. Barua yako ya Novemba niliisoma nikaikunja, na Mama alipouliza umeandika nini nilimwambia unamsalimia. Hukuandika chochote ambacho sikustahili.

Nimefanya jambo.

Karatasi za kusahihisha zilikuja kutoka kwa mpiga chapa mwezi wa Desemba. Kazi yangu ni kuzisoma mara ya mwisho, Kapteni anatia saini, zinarudi. Alitia saini. Nilizibeba mwenyewe mpaka kwa mpiga chapa, na nilipofika pale, nikaomba wino. Mbele ya Vanquisher nilikata mbili nikaandika nne na nusu. Nilikata elfu moja na mia nne nikaandika mia sita ishirini na mbili. Mbele ya Ravageur niliandika moja na nusu, na elfu moja na mia mbili. Chini ya ukurasa niliongeza: "Kwa kipimo cha saa, mazoezi thelathini." Jina lako sikuliandika. Mpiga chapa aliniuliza kama Kapteni anajua. Nikamwambia saini yake si hiyo hapo?

Kwa hiyo nimedanganya tena, lakini safari hii nimedanganya ili kusema kweli. Sijui Mungu anaiandika upande gani.

Kitabu kimetoka tangu tarehe mbili. Meli yenu ni ya tisa. Kapteni bado hajafungua nakala yake. Ana baridi yabisi na yuko mji wa Bath kwa maji ya moto. Akirudi atafungua.

Sasa wape watu wako pumziko.

Keziah


Stonehouse,
24 Februari 1878

Josiah,

Sina barua yako tangu Novemba. Mama anauliza kila mtu wa posta anapopita.

Kapteni amerudi. Hakupiga kelele. Alisema nimetumia jina lake kama mwizi anavyotumia ufunguo, na kwamba hatapata mtu mwingine mwenye hesabu kama yangu, na kwamba nitoke. Nimetoka. Nimerudi kufundisha watoto watatu wa mwenye duka nyumbani. Hilo halinisumbui, au linanisumbua kidogo tu.

Kinachonisumbua ni hiki. Jana nilipita karibu na lango la gati, watu wakawa wanasema kuna ajali kwenye manowari huko Malta, mzinga umepasuka. Mmoja akasema ni Vanquisher, mwenzake akasema si hiyo. Loveday naye hana barua wiki ya nne sasa. Amekuja kwangu leo, hajauliza, amekaa tu jikoni na mtoto mapajani.

Andika. Hata mstari mmoja. Hata kama bado umenikasirikia.

Dada yako


Malta,
3 Machi 1878

Dada Keziah,

Salamu kwako na Mama. Mimi ni mzima. Nimeungua kidogo mkono wa kushoto, unapona.

Barua hii itakapofika Loveday atakuwa ameshapata taarifa ya serikali. Digory amefariki tarehe tisa Februari, pamoja na William Hosking, kijana wa Looe. Tuliwazika hapa, kwenye makaburi ya mabaharia, mahali pazuri pa kutosha. Nahodha alisoma maneno. Vitu vya Digory nimevikusanya mwenyewe na vitakuja kwa meli ya barua. Kipande cha shali ya mtoto ambacho Loveday alimtumia kilikuwa mfukoni mwake, lakini hicho hakitakuja.

Ulikuwa mzinga namba tatu, wakati wa mazoezi. Chanzo kinachunguzwa. Siruhusiwi kuandika zaidi.

Tafadhali kaa na Loveday.

Josiah


Stonehouse,
19 Machi 1878

Mdogo wangu,

Namshukuru Mungu uko hai. Mama alilia, kisha akala vizuri kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Taarifa ya Loveday ilikuja tarehe ishirini na saba Februari. Ina mistari minne. Nilikuwepo alipoifungua. Sitakueleza alivyokuwa. Sasa anafua nguo za watu na mtoto anamweka kwenye kapu kando ya beseni.

Unasema huruhusiwi kuandika zaidi. Umesubiri siku ishirini na mbili ndipo ukaandika, na ulipoandika umeniambia habari za makaburi. Wewe, ambaye mwaka jana ulinipimia mazoezi thelathini mpaka sekunde! Gazeti la hapa limesema meli ilikuwa katika "majaribio maalumu ya kasi". Nimelisoma mara nyingi. Sikumbuki kuwahi kusikia majaribio ya aina hiyo kabla ya kitabu changu kutoka.

Sikuweza kukaa nalo. Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa Loveday nikamwambia yote: namba ya zamani, barua zako kwenye droo, namba mpya niliyoandika kwa mpiga chapa. Nilimwambia huenda walikuwa wanakimbizwa kwa sababu yangu. Alikuwa anakamua shuka. Hakuacha kukamua.

Akaniuliza, "Hiyo namba uliyoandika ilikuwa kweli?"

Nikasema ilikuwa kweli.

"Na Josiah alijua ni kweli?"

Nikasema wewe ndiye uliyeipima.

Akasema, "Basi kwa nini alimwacha mume wangu akimbie?"

Alisema niende nyumbani, na nisirudi mpaka niwe na jibu. Nimepita mlangoni kwake kila siku tangu hapo, wala haangalii juu.

Kwa hiyo sikuulizi mimi. Anakuuliza yeye.

Keziah


Malta,
6 Aprili 1878

Dada Keziah,

Nimefurahi Mama amekula. Mkono wangu umepona, ila vidole viwili havikunji. Baraza la uchunguzi limemalizika jana, sasa naandika, na mtu asiyependa nimeandika na alalamike kwa anayemtaka.

Kitabu chako kilifika hapa mwisho wa Januari. Maofisa wa meli nyingine walikuwa wa kwanza kukiona. Wakaanza kutuita "ya tisa". Boti yetu ikipita, mtu anatoa saa mfukoni na kuitazama. Watu wangu hawakujali. Digory aliwaambia wale wa boti kwamba tisa bado ni bora kuliko walivyo wao, ambao hawamo kabisa. Lakini maofisa waliona kama wametukanwa mbele ya dunia. Fanshawe alikwenda kwa Nahodha akaomba majaribio, mbele ya mashahidi kutoka meli tatu. Alitaka dakika mbili zirudi kitabuni. Ilipoonekana mbili haziwezekani, akasema tatu zitatosha kumfanya Hargreave aombe radhi.

Tulifanya mazoezi wiki nzima. Haikushuka chini ya dakika nne. Asubuhi ya tarehe tisa alikuja chumba cha mizinga akaniita pembeni. Alisema, "Kile kipengele cha sifongo kinakula sekunde hamsini. Leo tutasafisha mtutu kila baada ya mapigo matatu, si kila pigo."

Nilijua maana yake. Kila mpiga mizinga anajua. Cheche ikibaki ndani, na mfuko wa baruti ukiingia juu yake, aliyeshika mti wa kushindilia amesimama mbele ya mdomo wa mzinga.

Hapa ndipo Loveday anapouliza. Jibu ni kwamba nilinyamaza. Mara mbili nilikuwa nimebishana na Fanshawe mwaka jana, na mara ya pili Nahodha aliniambia mbele ya watu kwamba nikifungua kinywa tena juu ya dakika, nitavuliwa cheo na kupelekwa kuhesabu mapipa. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nipate pensheni. Na kuna jingine, ambalo ni baya zaidi. Nilikuwa nimekasirika mno. Niliona kwamba wakisafisha au wasisafishe hawatafikia tatu, nami nikataka washindwe mbele ya mashahidi wao wenyewe. Nilitaka kuwa na haki kuliko nilivyotaka watu wangu wawe salama. Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Digory alinitazama amri ilipotolewa. Aliniangalia tu, kuona kama nitasema. Kisha akashika mti wake.

Pigo la kwanza lilichukua dakika tatu na sekunde kumi. La pili, mbili na sekunde hamsini, na mashahidi wakapiga makofi. Kwenye la tatu Hosking aliingiza mfuko, Digory akasukuma, na baruti ikawaka kabla mti haujafika mwisho. Mzinga wenyewe haukupasuka. Hao wa gatini wamekosea. Mzinga ni mzima kabisa, ungeweza kupigwa siku ileile.

Kwenye baraza Fanshawe alisema yeye ndiye aliyetoa amri. Hakujificha, alilia mbele ya maofisa saba, na sasa anarudishwa nyumbani. Wakaniita mimi. Rais wa baraza aliniuliza kama nilijua hatari. Nikasema nilijua. Akaniuliza kama nilimwonya Luteni siku hiyo. Nikasema sikumwonya. Akasema, labda nilimwonya kwa namna fulani, kwa ishara, kwa uso? Niliona ananifungulia mlango nipite. Nikasema sikumwonya kwa namna yoyote, na kwamba aandike hivyo.

Kisha akauliza mzinga ule unachukua muda gani ukishindiliwa kwa usalama. Nikasema dakika nne na nusu. Karani akaandika. Rais akamwambia aifute, kwa sababu majaribio ya ujenzi yanasema mbili. Nikamwambia Rais kwamba wakiifuta nitaisema tena, na nitaendelea kuisema mpaka karani achoke. Walinong'onezana. Ikabaki. Imo kwenye karatasi ya serikali sasa, ingawa naambiwa karatasi hizo zitafungiwa na hazitasomwa na mtu. Kuhusu kitabu, wamesema toleo lijalo litarudisha namba ya wajenzi. Mtu mwingine ameshapata kazi yako.

Nimevuliwa cheo. Pensheni haipo. Sikuletei hili unionee huruma, na wewe usibebe lisilo lako. Ulichelewa kusema, ukasema. Mimi nilisema mapema, na siku iliyohitajika nikanyamaza. Sijui ni kipi kizito zaidi, na nimechoka kupima.

Mpe Loveday barua hii aisome mwenyewe, yote, na usikae naye anaposoma. Asiposema kitu, usimwulize.

Meli ya abiria inaondoka tarehe kumi na tisa. Nitafika Plymouth mwanzoni mwa Mei. Kutoka bandarini nitapitia kwanza kwa Loveday. Akinifukuza nitakuja moja kwa moja nyumbani. Asiponifukuza nitachelewa, kwa hiyo kuleni, wewe na Mama, msinisubiri.

Josiah